Naacha kazi, namba ya ofisi niondoke nayo vipi?

SWALI: Nimeuza saruji za kampuni moja hapa Tanga miaka sita. Wateja wangu, Muheza mpaka Lushoto, wananijua kwa laini niliyopewa kazini. Mwisho wa mwezi naacha kazi na bosi kasema namba nichukue tu. Nikibaki na kadi, si inatosha? – Msomaji, Chumbageni

JIBU: Haitoshi, ndugu. Mwenye laini ni aliyesajiliwa, si aliyeishika. Bosi kakuruhusu kwa mdomo leo; kesho mhasibu anaikuta kwenye orodha, anaifunga, nawe uko Mgandini unashangaa mtandao umekwenda wapi.

Piga *106# kwa laini hiyohiyo uone usajili wake. Usistaajabu ukikuta jina lako: ofisi ndogo nyingi hazikupeleka hati za kampuni, zilimtuma mfanyakazi akaweka kidole. Ikiwa kidole ni chako, namba ni yako, kilichobaki ni kurudisha pesa za ofisi zilizomo. (Na ukiwaachia laini ya jina lako, wakitapeli mtu, polisi watakuja kwako.) Kikiwa cha mwenzio aliyeshaondoka, mtafuteni mapema, maana ndiye wa kufika dukani.

Ikiwa imesajiliwa kwa jina la kampuni, omba barua kabla ya siku ya mwisho, ukingali na mlango wa kugonga. Iwe na nembo, mhuri na saini ya mwakilishi aliyesajili laini. Namba ya laini, tarakimu zote kumi. Jina lako kama lilivyo NIDA, na namba ya NIDA. Iseme kampuni inakuhamishia umiliki. “Tunamruhusu kuitumia” ni matumizi tu. Nenda nayo duka la huduma la mtandao wenyewe, si kwa wakala wa mwavuli, ukaweke kidole. Mwakilishi akifuatana nawe ni bora zaidi.

Kabla ya hapo, kama laini ni ya kulipia mwisho wa mwezi, deni lilipwe na itolewe kwenye kifurushi cha kundi. Pesa za kwenye simu zitolewe zote na mkopo ulipwe, kwa kuwa akaunti ile ina jina la kampuni. Kwenye WhatsApp, ondoa kompyuta ya ofisi katika vifaa vilivyounganishwa, kisha weka PIN ya tarakimu sita.

Wengine watakwambia utume neno HAMA. Hiyo, iliyoanza Machi 2017, inahamisha namba kwenda mtandao mwingine, haibadilishi mwenyewe.

Bosi akighairi, mwombe walau miezi miwili ya kuelekeza simu: kwenye laini ya ofisi wabonyeze **21*, namba yako mpya, kisha #. Kila simu inayoelekezwa inakatwa kwenye salio la ofisi, kwa hiyo kubalianeni nani analiongeza. Meseji hazifuati, hata zile za benki zenye namba ya siri. Basi kabadilishe namba tawini kwako kabla hujarudisha kadi.