Maswali ya Wasomaji: Nitavua Wapi Karibu na Mji?

SWALI: Mhariri, natumaini hujambo. Nimekulia kando ya maji na nimevua kwa ndoano tangu utotoni, lakini tangu nihamie mjini miaka 3 iliyopita sijatia chambo majini hata mara moja. Kila ninayemuuliza hunitajia ziwa lilelile kubwa, ambalo ni mwendo wa saa 4 kwa gari, nami ninafanya kazi siku 6 kwa juma. Je, ninawezaje kupata mahali pa kuvua samaki wa maji baridi karibu na mji, mahali ninapoweza kufika alfajiri na kurudi kabla ya adhuhuri? Na nikipapata, nitajuaje kwamba pana samaki na kwamba wanalika?

JIBU: Ndugu msomaji, nadhani umekuwa ukiwauliza wasiovua. Mtu asiyevua akiulizwa habari za uvuvi hutaja maji yenye jina, ilhali maji yatakayokufaa huenda hayana jina kabisa. Miji mingi ilianzishwa kando ya mito, na pale mito ilipokuwa michache watu walichimba malambo, wakajenga mabwawa, wakapitisha mifereji na kuacha nyuma yao mashimo ya machimbo ambayo baadaye yalijaa maji. Sehemu kubwa ya maji hayo haionekani barabarani, kwa hiyo anza kuyatafuta kutoka juu.

Fungua ramani yenye picha za setilaiti, weka nyumba yako katikati, kisha upitie taratibu kila kipande cha ardhi kilicho ndani ya mwendo wa dakika 40. Usitafute rangi ya buluu peke yake, kwa maana bwawa lenye udongo huonekana kahawia na lenye mwani huonekana kijani. Ukiliona, tafuta picha zake za miaka iliyopita, hasa zilizopigwa kilele cha kiangazi. Lambo linalokauka kila mwaka halitakupa samaki wa maana, isipokuwa liwe linaunganishwa na mto wakati wa mafuriko (kamongo, ambaye hujifukia matopeni na kuingoja mvua, ana habari zake mwenyewe). Fuata pia vijito kwa jicho hadi vinapoingia mtoni au bwawani, kwa sababu maungio ya maji huleta chakula, na samaki hukifuata chakula.

Kama ningelazimika kuchagua aina moja tu ya mahali, ningechagua mto chini kidogo ya kizuizi cha maji. Samaki wanaopanda mto hukwama hapo, maji yanayoporomoka hujichanganya na hewa, na wadudu na samaki wadogo waliozungushwa na mkondo huwa windo rahisi. Hata hivyo simama mbali na kizuizi chenyewe, maana mzunguko wa maji ulio chini yake unaweza kumshika hata mwogeleaji hodari asitoke, na pale penye mlango wa bwawa maji yanaweza kufunguliwa ghafla huku mbingu ikiwa nyeupe. Mifereji ya umwagiliaji nayo hudharauliwa bila haki: maji yanapofungwa, samaki hujikusanya katika madimbwi machache yenye kina. Machimbo yaliyojaa maji, kwa upande mwingine, huvutia macho kuliko yanavyojaza kapu. Kingo zake ni mwinuko mtupu, maji yake mara nyingi hayana rutuba, na anayeteleza hapati pa kushika.

Kabla ya lolote, ulizia mwenye maji ni nani. Bwawa linaweza kuwa la mamlaka ya maji, la shamba, la bustani ya umma au la hifadhi, na mabwawa ya maji ya kunywa mara nyingi hayaruhusu uvuvi hata kama hakuna kibao. Kumbuka pia kwamba leseni ya serikali na ruhusa ya mwenye maji ni vitu viwili. Kule England, kwa mfano, mvuvi wa ndoano mwenye umri wa miaka 13 au zaidi huhitaji leseni, lakini leseni hiyo haimpi haki ya kuingia katika ardhi ya mtu. Ujerumani, kwa kawaida, mtu hufanya mtihani kwanza ndipo apewe kibali. Ofisi ya uvuvi ya eneo lako ndiyo itakayokueleza misimu inayofungwa kwa ajili ya mazalia, ukubwa wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa na idadi ya ndoano. Ukiwa hapo, uliza kama wamewahi kupandikiza vifaranga vya samaki katika maji ya karibu, na katika maji yapi. Swali hilo moja limewahi kuniokolea miezi ya kuhangaika.

Sasa nakushauri jambo ambalo wavuvi wengi hawalipendi: safari ya kwanza nenda bila ndoano. Fika kabla ya jua kupanda, keti, utazame. Mdiria anayepiga mbizi mara kwa mara kutoka tawi lilelile anakuambia kwamba samaki wadogo wapo, na penye wadogo hawakosi wanaowala. Angalia mapovu pia. Mapovu makubwa yanayotoka mahali pamoja bila kuhama ni gesi ya majani yanayooza, lakini msururu wa vipovu vidogo unaosogea polepole, kama vile mtu anatembea chini ya maji, mara nyingi ni samaki anayechimbua tope kutafuta chakula.

Kisha pima kina. Funga chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) la gramu 20 au 30 mwishoni mwa mshipi, paka nta laini au mafuta mazito chini yake, lirushe, na uhesabu mpaka mshipi ulegee. Ukirusha mahali pa kwanza na kuhesabu 3, kisha hatua chache mbele ukahesabu 7, umepata ukingo wa chini ya maji, na samaki hupenda kupita kando ya ukingo kama watu wapitavyo kando ya ukuta. Ukilivuta chubwi, tazama kilichonasa kwenye nta: tope jeusi lenye harufu ya yai bovu linaonyesha kwamba chini hakuna hewa, ilhali changarawe, mchanga au vipande vya makombe ni dalili njema. Mababu wa mabaharia walifanya hivyohivyo kutambua sakafu ya bahari, nami sijaona kifaa cha betri kinachoeleza harufu ya tope. Unaporusha, angalia na juu: ufito wa kaboni hupitisha umeme, na nyaya zinazokatiza juu ya kingo zimewahi kuua wavuvi pasipo hata kuguswa.

Kuhusu kula, usiyaamini macho yako. Mto Thames unaopita London ulihesabiwa mwaka 1957 kuwa umekufa kibiolojia, lakini maji taka yaliposafishwa vizuri zaidi, mwaka 1974 alipatikana humo salmoni, samaki asiyestahimili uchafu. Kinyume chake, jimbo la New York lilifunga uvuvi katika sehemu ya juu ya mto Hudson mwaka 1976 kwa sababu ya kemikali za PCB zilizotoka viwandani, na uliporuhusiwa tena mwaka 1995, ilikuwa kwa sharti la kumrudisha samaki majini. Kemikali za namna hiyo hazina rangi wala harufu ya kumtahadharisha mvuvi. PCB hukaa katika mafuta ya samaki, kwa hiyo kuondoa ngozi na mafuta hupunguza madhara. Zebaki hukaa katika nyama yenyewe, na hakuna upishi unaoiondoa. Zote mbili huongezeka kadiri samaki anavyozidi umri na kadiri anavyokula samaki wenzake, hivyo samaki mdogo anayekula mimea ni salama zaidi kuliko jitu la kupiga nalo picha. Kama juu ya mahali pako kuna kiwanda, jalala au bomba la maji taka, vua kwa kujifurahisha na uwaachie samaki wao maji yao. Nawe mwenyewe usiingie majini bila sababu: katika nchi za joto, konokono wa maji yaliyotulia huachia vijidudu vya kichocho, hasa jua likiwa kali.

SWALI: Nimepata bwawa dogo nyuma ya mashamba, mwendo wa nusu saa kutoka mjini, na mwenyewe ameniruhusu. Nilipofika alfajiri nilikuta makumi ya samaki wametoa midomo juu ya maji. Nilidhani nimepata hazina, lakini kwa saa 2 nzima hakuna hata mmoja aliyegusa chambo. Nimekosea wapi?

JIBU: Hukukosea kitu, ulifika saa mbaya. Bila shaka maji ya bwawa hilo ni ya kijani. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua, lakini usiku mwani huohuo huitumia pamoja na samaki, na kiwango huwa cha chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Joto huzidisha shida: maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba takribani miligramu 11 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu. Samaki wengi huanza kutaabika chini ya miligramu 5, na samaki anayetafuta pumzi hana habari na chambo. Rudi jua likiwa limekaa saa kadhaa juu ya maji, au kaa karibu na mahali kijito kinapoingilia. Ukiwakuta bado wanahema saa sita mchana, kunja mshipi umwarifu mwenye bwawa, kwa sababu huenda kesho yake akaamka na mizoga.

Tofautisha, lakini, na kambare. Huyo ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo hupanda, hugugumia mara moja, hugeuka na kuzama akiacha duara la mawimbi, naye akifanya hivyo hataabiki hata kidogo. Ukiona maduara hayo yakijirudia sehemu moja, tega chambo chako chini kabisa, hatua mbili tatu kando yake.