Ukiacha friji wazi, chumba kitapoa?
Mkuu, umeuliza kwa nini ukiacha mlango wa friji wazi sebule haipoi, na kanuni za themodinamiki (elimu ya joto na nishati) zinaingiaje hapo. Gusa yale mabomba membamba ya nyuma (friji nyingi za kisasa ni ubavuni): yana joto. Kanuni ya kwanza inasema nishati haiumbwi wala haipotei, inabadilika umbo tu. Joto lililotolewa ndani linamwagwa hapo nyuma, na umeme unaoendesha kompresa (pampu ya friji) nao unaishia kuwa joto. Kwa hiyo friji inayokula wati 150 inakiongezea chumba joto la wati 150. Utatoka jasho, na bili juu!

Kanuni ya pili ndiyo tamu zaidi. Joto lenyewe hutoka penye moto kwenda penye baridi. Kulirudisha kinyume ni kama kupandisha maji kwenye tangi la juu ya paa, bila pampu hayapandi. Mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius alilieleza hilo mwaka 1850. AC inafaulu kwa sababu boksi lake la nje linatupa joto huko nje.

Kanuni ya tatu, ya baridi ya mwisho kabisa (nyuzi -273.15 za Selsiasi), iache kwanza. Kwenye friji haikuhusu.