Kwa dada aliyeuliza kuhusu kijana wa miaka 15 aliyeanza kemo

Dada, umesema mtoto wa dadako ameanza kemo (dawa za saratani), mmemfungia ndani asiambukizwe, na sasa hataki kuongea na mtu. Umeuliza sisi tuliougua wakati wa korona tulivukaje.

Nilikuwa na miaka 17, Kidato cha Nne, Nakuru. Uvimbe wa shingoni ulitibiwa kwanza kama TB, miezi ikapotea, mpaka wakakata kinyama wakakipima: saratani ya tezi za limfu, ile ya Hodgkin. Dozi 12, kila baada ya wiki mbili, Nairobi. Nilianza Aprili 2020, wiki moja baada ya Nairobi kufungwa. Tulikuwa tukitoka saa kumi na moja alfajiri kafyu ikiisha, barua ya daktari mkononi kwa ajili ya polisi wa kizuizini.

Wodini aliingia mgonjwa peke yake. Dozi ya kwanza nilikojoa mkojo mwekundu nikalia chooni nikidhani ni damu, kumbe ni rangi ya dawa. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Dawa ya mwisho, ile ya dripu inayofunikwa isipigwe na mwanga, ilinichoma mkono mzima. Nilimpigia mama aliyekuwa nje, naye akanisimulia tu yanayopita barabarani: muuza ndizi, mbwa, gari la maji. Saa nzima. Tulifanya hivyo dozi zote.

Baba alininunulia themomita akaniachia mimi mwenyewe niitunze na kuandika. Daktari naye aliniambia mimi: ikifika 38, usimeze Panadol ukangoja asubuhi, njoo saa hiyohiyo. Usiku mmoja wa Juni, saa nne, ikasoma 38.4. Baba akasita, kafyu ilikuwa imeshaanza. Mimi ndiye niliyesema twende. Hospitali ya karibu waliniweka kwenye hema la korona kwa muda wa saa tano kabla ya kunipima damu, na chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na maambukizi, zilikuwa karibu kwisha. Kwa hiyo muwe na barua inayosema waziwazi kijana yuko kwenye kemo, na aijue ilipo.

Lakini upweke, dada, haukuletwa na korona. Wenzangu wote walikuwa nyumbani, kila mtu alivaa barakoa, nami sikuwa tofauti na yeyote. Tarehe 12 Oktoba Kidato cha Nne waliporudi shule, mimi nilibaki nyumbani. Bweni haliruhusu simu, basi kundi letu la WhatsApp lilinyamaza siku hiyohiyo. Hapo ndipo nilipoacha kuongea. Kijana wenu ameanzia hapo.

Kilichonirudisha ni daftari. Jirani yangu wa dawati alininakilia masomo kwa mkono, mama yake akawa ananiletea. Pembeni mwa kurasa za Kemia aliandika nani kaadhibiwa, nani kalia, maharagwe ya Jumanne yalivyoungua. Nilisoma pembeni kwanza. Mtafuteni rafiki mmoja wa hivyo. Muulizeni daktari ni siku zipi chembe nyeupe za damu yake huwa zimepanda, rafiki asiye na kikohozi aje wakae barazani. Na daktari akizungumza, azungumze naye, ninyi mkiwa pembeni.

Akitaka kuuliza lolote, nywele, mkojo, chochote, aniandikie mwenyewe. Hata usiku.