Funguo hufuata sahihi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza hao wapangaji wapya uwape mkataba wa miezi 6 au wa mwaka mzima. Nitafika huko. Kwanza niambie: funguo unazo wewe au umeshawapa?

Usicheke. Nakujua, una moyo wa mama yako. Unamkumbuka yule bwana wa nyumba ya nyuma, uliyekuwa ukimwita mjomba? Alifika jioni, mvua inanyesha, mizigo iko garini, mtoto amemlalia begani. Mkataba ulikuwa mezani, nakala mbili. Akasema, "Mzee, niingize watoto kwanza, hayo ya karatasi tutamaliza kesho." Nikampa funguo. Kesho hiyo ilichukua miezi 14. Nikimgusia tu, mara miwani imepotea, mara mke kasafiri. Kitanda chake kiko ndani, sahihi ya nini tena?

Mwishoni tukagombana kwa ajili ya ufa wa sinki. Mwembamba kama unywele, huuoni mpaka uinamie mwanga wa dirishani. Yeye anasema aliukuta, mimi nasema haukuwapo. Nikamkata amana, akaondoka bila kuaga. Nikuambie jambo ambalo hata mama yako hajalisikia: sina hakika. Huenda aliukuta kweli. Hatukuizunguka nyumba pamoja, hatukupiga hata picha moja. Siku ya kusafisha nikafungua droo ya jikoni, nikaikuta nakala yake imekunjwa mara nne, safi kabisa, pa kutia sahihi patupu.

Ndiyo maana kila siku nasema funguo hufuata sahihi. Zungukeni chumba kwa chumba, mwandike: kitasa hiki kinakwama, kioo kile kina doa, mita ya maji inasoma hivi. Nyote mtie sahihi na tarehe. Kila mtu mzima atakayeishi humo jina lake liwemo, si la mume peke yake; akihama yeye, kodi utamdai nani? Andika amana ni ya nini na itarudi lini, na kitu kikiharibika nani atatengeneza. Sheria ya huko uliko isome pia, maana kuna mambo mkataba hauwezi kuyapindua hata mkikubaliana. Nakala yao waondoke nayo siku hiyohiyo. Kabla ya hapo wape muda wausome, warudi na maswali. Mpangaji wa maswali mama yako humwita msumbufu. Mimi nampenda.

Lakini mtoto amelala begani, mvua ile, ningemwacha nje? Mama yako anasema hata leo ningefanya vilevile. Hapana. Ningewakaribisha sebuleni kwetu, wakauke, na kalamu nimeishika mkononi. Au labda mama yako anasema kweli. Sijui.

Haya, miezi 6 au mwaka. Muda mfupi unakupa nafasi ya kuwajua, na wao unawapa nafasi ya kukuachia nyumba tupu mapema. Wewe umewaona usoni, mimi sijawaona. Ningekuwa mimi ninge... basi, nyumba ni yako, nanyamaza. Ila hujaniambia kama hilo sinki jipya umelipiga picha.

Baba yako