Mwanangu, kuhusu swali lako la kufundisha sekondari

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza hivi: mama, mimi na digrii yangu ya fizikia nafundisha fomu two mambo ya msuguano na kanieneo, wenzangu niliosoma nao wengine wako masters huko nje, je utafiti kwangu si ndo basi tena? Sio basi. Na kabla sijakushauri lolote nataka nikusimulie habari za Alfred Kastler, mwanafizikia wa Ufaransa aliyepata Nobeli, maana nilipokuwa nafundisha nilimsoma sana huyu mzee na naona swali lako yeye ameshalijibu kwa maisha yake.

Kastler alizaliwa 1902 Guebwiller, kule Alsace, sahivi ni Ufaransa lakini wakati ule Wajerumani ndo walikuwa wanatawala, kwa hiyo shule kaanza kwa Kijerumani. Vita ya kwanza ilipoisha alikuwa na miaka 16, Alsace ikarudi Ufaransa, na yeye ikabidi aendelee na masomo kwa Kifaransa. 1921 akaingia École Normale Supérieure pale Paris, chuo ambacho mpaka leo kuingia kwake ni kazi kweli kweli, na huko mwalimu wake Eugène Bloch ndo akamwingiza kwenye fizikia mpya ya atomi iliyokuwa bado inachemka Ulaya nzima.

Sasa sikiliza. Alipomaliza hakwenda maabara. Alikwenda kufundisha sekondari, Mulhouse, alafu Colmar, mji ule ule aliosomea utotoni, alafu Bordeaux, miaka mitano mfululizo! Mke wake Élise Cosset naye alikuwa mwalimu, wa historia. Yaani ilikuwa nyumba ya walimu kama yetu tu, ila ni haki nikwambie kwamba yeye alikuwa ametoka chuo kikubwa na serikali yao ilikuwa inathamini walimu wa aina ile, kwa hiyo usijipime naye kwa kila kitu.

Mwaka 1931 Profesa Daure wa chuo kikuu cha Bordeaux akamchukua awe msaidizi wake, na kazi ile ikampa muda wa kufanya utafiti. Hapo alikuwa anakaribia miaka 30. Udaktari kaupata 1936, kwa kazi ya mwanga unaotoka kwenye mvuke wa zebaki ukiumulika. Akafundisha Clermont-Ferrand, akarudi Bordeaux akiwa profesa, na 1941, Paris iko chini ya Wajerumani, Georges Bruhat akamwita École Normale aje asaidie kufundisha fizikia. Bruhat huyu Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, walimkamata Agosti 1944, akafia Sachsenhausen, kambi yao ya mateso. Kila nikifika hapo huwa nasimama kidogo, kwa sababu Kastler lugha yake ya utotoni ni Kijerumani, na waliomuua aliyemwita Paris ni Wajerumani, na bado miaka mingi baadaye, 1971, alichapisha mashairi yake kwa Kijerumani. Hakuichukia lugha. Alichukia vita, na mpaka uzeeni alikuwa anapinga silaha za nyuklia waziwazi.

Kazi yenyewe iliyompa jina aliipendekeza 1950, akiwa na miaka 48. Wewe ni ticha, kwa hiyo nakueleza kwa darasa. Atomi zako ni wanafunzi wamekaa kwenye mabenchi mawili, la kushoto na la kulia. Unaleta mwanga ambao mawimbi yake yanazunguka upande mmoja tu, na mwanga huo unaweza kuwainua wa kushoto peke yao, wa kulia hauwagusi. Anayeinuliwa akirudi kukaa anaweza kuangukia benchi lolote, akiangukia kushoto anainuliwa tena, akiangukia kulia ndo imetoka hiyo, habanduki. Baada ya muda benchi la kushoto tupu! Ndo kupampu atomi kwa mwanga. Na utamu uko hapa: kushoto kukishaisha watu, mwanga hauna wa kumwinua, unapita moja kwa moja. Sasa leta wimbi la redio lenye masafa sawasawa na tofauti ndogo ya nishati kati ya yale mabenchi, atomi zinaanza kurudi kushoto, mwanga unaanza kumezwa tena, unafifia. Kwa hiyo kitu kidogo mno kinachotokea ndani ya atomi unakigundua kwa kuangalia mwanga tu. Mi nikiwaza hilo hadi leo nasisimka.

Saa za rubidiamu, yaani saa zinazohesabu muda kwa atomi za metali hiyo, zilizoko kwenye setilaiti za GPS zinatumia wazo hilo hilo, zinafuata mtetemo wa atomi wa takriban mara bilioni 6.8 kwa sekunde, na ramani ya simu yako inakufikisha mjini kwa sababu ya saa kama hizo.

Lakini hakufanya peke yake. Alikuwa na mwanafunzi wake Jean Brossel, aliyekwenda Marekani kufanya kazi chuo cha MIT na mwanafizikia Francis Bitter akarudi, na wakajenga maabara pamoja. Nobeli ya 1966 akapewa Kastler peke yake, na mimi naona Brossel alistahili kuwemo, ila maabara leo inaitwa Kastler Brossel, majina yote mawili. Na humo akapita Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine, Algeria, akapata Nobeli 1997, na mwanafunzi wake Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca, akapata 2012. Watatu hao wamerithishana mwalimu kwa mwanafunzi.

Sasa wewe. Yule mzee aliacha sekondari nafasi ilipokuja, na wewe ikija usiione aibu kuondoka, wala usiondoke sahivi kwa hasira ya picha za wenzako. Soma. Chagua mada moja unayoipenda, mambo ya mwanga kwa mfano, usiku ukimaliza kusahihisha soma hata kurasa chache, rudi kwenye hesabu za kwanta maana zinasahaulika haraka sana, na mwandikie yule mhadhiri aliyekusimamia project umuulize kama anahitaji msaidizi maabara wakati wa likizo. Usisubiri atangaze.

Maombi ya masters ukianza kuandika nitumie kwanza niyasome. Ada tutaongea ukija Desemba, baba yako nimeshamgusia na hakukataa.

Mama yako