Barua kwa mwanangu: viungo vya mbali vinabadili nini

Lubumbashi

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako. Unauliza kwa nini, ukiweka viungo vya mbali (vinavyounganisha miraba isiyopakana) kwenye ule mfano wa rundo la mchanga, maporomoko, yaani mimwagiko inayofuatana, yanafuata kanuni nyingine, wakati sheria ya kumwagika ni ileile.

Rudi kwenye ubao wa miraba wa wanafizikia Bak, Tang na Wiesenfeld wa mwaka 1987, ambako chembe za mchanga hudondoshwa moja moja: mraba ukifikisha chembe 4 unamwagika, kila jirani anapata moja. Chukua miraba miwili iliyopakana, kila mmoja una chembe 3. Dondosha moja kwa wa kushoto. Unamwagika, unabaki mtupu. Wa kulia unafika 4, nao unamwagika, na chembe moja inarudi kushoto. Jibu lako liko hapo. Poromoko linarudia njia yake na kukuta miraba ambayo limekwisha kuimwaga, ndiyo maana hesabu ya ubao huo imewasumbua watu mpaka leo.

Sasa ng'oa viungo kadhaa, uvipeleke mbali bila mpango. Chembe inaangukia mahali ambapo poromoko halijafika, na matawi yake karibu hayakutani. Kila mmwagiko unazaa mwingine mmoja kwa wastani: pungufu ya hapo poromoko linakufa mapema, zaidi ya hapo linafumuka, na rundo linajisogeza lenyewe hadi kwenye hiyo moja. Hesabu ya matawi inatoa kipeo 3/2: maporomoko yenye mimwagiko s yanapungua kama 1/s^(3/2). Kwa kipeo hicho, ukipandisha kiwango cha ukubwa mara 100, maporomoko yanayokivuka yanapungua mara 10 tu! Mwaka 2003 watafiti wa ubongo Beggs na Plenz walikuta kipeo cha karibu hivyo kwenye maporomoko ya ishara za neva katika vipande vya ubongo wa panya.

Viungo vikiwa vichache, maporomoko madogo bado hufuata majirani. Makubwa ndiyo hubadilika. Na mtandao wenye vitovu vikubwa mno, yaani sehemu chache zenye viungo vingi kupita kiasi, unaweza kuiacha 3/2 kabisa.

Usiibandike namba hiyo kwenye mtandao wa umeme. Sisi wa Katanga tunakijua kiungo cha mbali: laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ina takriban kilomita 1,700. Lakini laini ikikatika, mzigo haumwagiki kwa jirani mmoja mmoja; unagawanyika papo hapo kwenye njia zote zilizobaki. Huo ni mfano mwingine, uujenge peke yake.

Kwenye grafu utakayonitumia, ya idadi ya maporomoko kwa ukubwa wake, ongeza viungo kidogo kidogo, uniwekee alama pale mstari unapopinda.

Papa yako