Jibu: Georgioupoli na watoto wadogo

Mkuu umeuliza kama Georgioupoli, kijiji cha ufukweni pale kisiwa cha Krete, Ugiriki, panafaa kwa watoto wadogo. Panafaa sana, mchanga laini kilomita kadhaa, ila chunga bahari yenyewe, upepo ukivuma mkondo unavuta vibaya mno, bendera nyekundu ikipandishwa msiingie hata magotini jamani. Siku hiyo nendeni bandarini mto Almyros unapoingia baharini, maji baridi kama ya friji, mwanangu alitumbukiza mguu akanirukia shingoni! Bahari ikitulia ndo mtembee juu ya mawe hadi kanisa dogo la Agios Nikolaos lililo katikati ya maji. Kiangazi kasa wanataga mchangani kwahiyo usiku tochi zimeni. Basi la kati ya miji ya Chania na Rethymno linasimama hapo kijijini.